Word ikikuamukia nzito kisha pumziko, usikimbilie kuformati

Bandugu, niko na sekretaria ndogo hapa Bukavu, upande wa Nyawera, tunasezi na kuimprime TFC za wanafunzi, ile kazi yenye wanaandika mwisho wa masomo. Saa sita naacha Word wazi naenda kula, nikirudi nagusa klavye na hakuna kitu, dirisha linakuwa jeupe, disiki inakwaruza ndani, karibu dakika nzima, na mwanafunzi amesimama nyuma yangu anasema papa, mie ni leo mwisho wa kudepoze.

Fundi mmoja aliniambia ni virusi, akaformati, yaani akafuta disiki yote. Fishie (mafaili) za baklienti wawili zikapotelea pale, na ile bado inaniuma mpaka leo, juu wiki mbili tu uzito ukarudi vilevile.

Haikuwa virusi. Fikiria mama anauzisha pale soko ya Kadutu, meza yake ni ndogo na nyuma iko na depo, kitu chenye hakiulizwe na mutu anakirudisha depo ili meza ipate nafasi. Meza ndiyo RAM, ile memori yenye mashine inafanyia kazi, na depo ndiyo disiki. Windows ikiona Word imekaa bila kazi na programu zingine zinahitaji nafasi, inatoa vipande vya Word kwenye RAM, vya kilobaiti 4 kila kimoja, inavipeleka kwa disiki, ndani ya fishie yenye kuitwa pagefile.sys. Tena wakati haupo ndiyo inaona ni saa ya kufanya kazi zake, antivirusi inapima, indeksi (liste ya kutafutia fishie) inajengwa, na zile zote zinataka meza. Ukirudi lazima vipande virudi, na disiki ya kuzunguka inavitafuta huku na kule, kwa sekunde moja inafikia sehemu kama mia tu. Na kama zile kazi zilikuwa zimekwisha, pengine disiki ilikuwa imesimama kabisa, juu Windows kwa kawaida inaizimisha kisha dakika 20 bila kazi, sasa inaanza kuzunguka upya kwanza.

Kwa hiyo usifinyefinye. Kila klik inajipanga kwenye foleni na kuongeza uzito, ngoja tu. Finya Ctrl, Shift na Esc pamoja, Task Manager inafunguka, uangalie: kama disiki iko 100% na prosesa imetulia, ni hiyo shida. Funga Chrome yenye ma-tabu ishirini kabla ya kutoka, na kwenye mipango ya umeme ya Windows (Power Options) kataza disiki isizimwe.

Mie mwishoni nilitoa disiki ya zamani nikaweka SSD, disiki ya machip, RAM nikatoa ya gigabaiti 4 nikaweka ya 8. Kama feza inatosha kitu kimoja tu, kwangu anza na SSD, haina kitu cha kuzunguka, kipande kinarudi hata hujaona.

Na kabla ya kwenda kula finya Ctrl+S, hata kama ni dakika tano. Ile pagefile haisevu kazi yako, umeme ukikatika, vile tunavyoujua hapa, vipande vyote vimekwenda.