Mdudu mwenye kizibao: kwa wewe unayetaka kuipa spishi jina

Hunijia vijana na vichupa mkononi, macho yamewatoka, wakisema wamepata spishi mpya. Sicheki. Jamii ya Staphylinidae ina spishi zaidi ya 60,000 zenye majina, na katika misitu yetu ya milimani wamo wengi wasio nalo. Hawa ni mbawakawa ambao mabawa yao magumu ya juu ni mafupi, yanaishia karibu katikati ya mgongo na kuliacha tumbo nje, kama mtu aliyevaa kizibao akasahau kanzu.

Mmoja wao unamjua tayari: nairobi flai, ambaye si nzi hata kidogo. Ni wa jenasi Paederus, yaani kundi la spishi zilizo ndugu wa karibu, na huku kwetu anayetajwa zaidi ni Paederus sabaeus, aliyepewa jina na mtaalamu wa wadudu Erichson mwaka 1840. Kichwa cheusi, kifua chekundu, kizibao cha bluu inayometa, tumbo jekundu lenye ncha nyeusi. Usimponde kwenye ngozi, maana damu yake ina sumu iitwayo pederini, na lengelenge hutokea kesho yake, wakati umeshasahau ulimgusa nani. Usimvute kwa bomba la kunyonyea wadudu. Mwokote kwa brashi iliyoloweshwa, kisha nawa mikono kabla hujajifikicha macho.

Nimemtaja kwa sababu nyingine pia. Rangi zile zile anazo Paederus wa Asia, wa Amerika, na wenzake kadhaa wa hapa hapa. Ukimtambua kwa rangi peke yake, utakuwa umekisia. Urefu nao hudanganya. Pingili za tumbo la wadudu hawa huingiana kama antena ya redio: aliyekaa kwenye spiriti hujivuta, aliyekauka hujikunja. Ndiyo maana tunapima pia sehemu ya mbele, kuanzia ukingo wa kichwa hadi mwisho wa mabawa ya juu, na vipimo hivyo ndivyo tunavyovilinganisha.

Penye jibu ni ndani ya dume, kwenye kiungo chake cha uzazi. Spishi mbili zinazofanana kama pacha kwa nje zinaweza kuachana kabisa hapo. Mgeuze mdudu chali, tazama ukingo wa pingili za mwisho za tumbo; katika makundi mengi dume ana mkato au kishimo pale ambapo jike hana. Kama amekauka, mloweke kwenye maji ya uvuguvugu hadi alainike, kisha vuta kiungo taratibu kwa pini mbili nyembamba. Nyama iliyobaki huyeyushwa kwa hidroksidi ya potasi ya 10%, lakini simama hapo hapo uangalie, usiende kunywa chai. Ukimaliza, kiweke kwenye tone la gliserini. Na zima feni! Niliwahi kuwa na dume mmoja tu wa spishi fulani, nikainua kiungo chake kwenye ncha ya pini, upepo ukakichukua. Nilitambaa sakafuni na tochi hadi magharibi. Sikukipata.

Sasa lile ambalo hakuna aliyeniambia mapema: spishi mpya huokotwa msituni, lakini huthibitika kabatini. Nilikuwa na mbawakawa mweusi kutoka milima ya Usambara. Nilimchora miezi mitatu, nikamtafutia jina zuri, nikawatangazia na jamaa. Kisha ikaja picha ya mdudu wa zamani aliyehifadhiwa kwenye makumbusho ya Ulaya, na alikuwa yeye yule, hadi kipaku cha kifua. Alikuwa na jina kabla baba yangu hajazaliwa.

Kwa hiyo anza na makabati. Wadudu waliokusanywa Afrika Mashariki enzi za Wajerumani wengi wao wako Berlin. Makusanyo ya Max Bernhauer, aliyeelezea maelfu ya spishi za jamii hii, yako Chicago. Ya Malcolm Cameron yako London, na ya Kongo mengi yako Tervuren, Ubelgiji. Andika barua, omba picha, subiri. Kusubiri si kupoteza muda: mbawakawa mmoja aliyeokotwa na Darwin kule Bahía Blanca, Ajentina, mwaka 1832, alipewa jina mwaka 2014, akaitwa Darwinilus sedarisi.

Usikate tamaa lakini, hasa ukiwa na wa milimani. Tazama ukingo wa nyuma wa pingili ya saba ya tumbo, kwa juu. Anayeruka huwa na upindo mwembamba mweupe. Asiyeruka kwa kawaida hana, na mabawa yake ya juu huwa mafupi zaidi na membamba mabegani. Asiyeruka havuki bonde kirahisi, kwa hiyo mlima wa pili unaweza kuwa na ndugu yake wa pekee. Chekecha majani yaliyooza pande zote mbili kabla ya kusema lolote.

Lebo andika siku hiyo hiyo: mahali, koordineti, mwinuko, tarehe, namna alivyopatikana, na nani aliyemwokota. Kibali cha utafiti kiwe mkononi kabla ya kuingia msituni, si baada ya kutoka.

Jina lenyewe lina sarufi. Kivumishi hufuata jinsia ya jenasi: ukitaka kusema “wa Usambara”, kwa Stenus utaandika usambarensis, kwa Lathrobium utaandika usambarense. Ukichapisha mtandaoni pekee, isajili kazi kwanza ZooBank, daftari la mtandaoni la majina ya wanyama, la sivyo jina halihesabiki. Lugha ya maelezo hailazimishwi na kanuni za majina ya wanyama; hata Kiswahili kingefaa, ingawa sijaona mhariri wa kukipokea.

Chagua holotaipu mmoja, yaani mdudu yule atakayelibeba jina, dume mzima kama yupo, mpe lebo nyekundu na useme wazi atakaa makumbusho gani. Mimi humwacha nchini alikookotwa, na parataipu, yaani wenzake wa spishi hiyo hiyo, wawili watatu nikawapeleka nje, ili mwanafunzi wa Morogoro au Mombasa asilazimike kuomba picha Ulaya kama nilivyoomba mimi.