Kwa anayeanza kazi kliniki ya mifugo: mbwa mdogo aliyezeeka

Mbwa wadogo huishi miaka mingi kuliko wakubwa. Maltese au Chihuahua aliyetunzwa vizuri hufika miaka 14, hata 16, umri ambao Great Dane hata hausogelei. Kwa hiyo ukiwa kliniki ya mjini utawapokea wazee wa aina hii kila wiki, na mwenye mbwa atakuambia, "Daktari, huyu ni uzee tu." Usikubali upesi.

Anza na kinywa. Mbwa mdogo ana meno 42 sawa na mkubwa, ila yamebanana kwenye taya fupi, ndiyo maana ugaga humuwahi. Inua mdomo wa juu kwa kidole gumba hadi ulione gego kubwa la nyuma. Hapo ndipo uchafu hujificha. Akija na uvimbe chini ya jicho, wenyewe husema ameumwa na nyuki, lakini mara nyingi ni mzizi wa gego hilo umetunga usaha. Wengi hukataa matibabu kwa kuogopa nusukaputi. Waeleze kwamba umri peke yake si kizuizi: kinachoamua ni moyo, figo na ini, na ndiyo sababu damu hupimwa kwanza.

Kikohozi nacho kisipite hivi hivi. Kwa mbwa hawa, valvu ya upande wa kushoto wa moyo huchakaa taratibu. Mfundishe mwenye mbwa kuhesabu pumzi mbwa akiwa amelala fofofo: kifua kikipanda na kushuka, hiyo ni moja. Zikizidi 30 kwa dakika na hali ikajirudia, amlete. Haigharimu hata senti, na mimi naithamini kuliko vipimo vingi vya bei. Kama kikohozi kinalia kama bata bukini kila kamba inapovutwa, shuku koo la hewa lililolegea. Kola ivuliwe, avishwe mkanda wa kifuani.

Jike ambaye hakufungwa kizazi, akianza kunywa maji kupita kiasi wiki chache baada ya joto (siku za kutaka dume), huenda ana usaha kwenye mji wa mimba. Huyo hasubiri kesho.

Uliza pia amepewa dawa gani nyumbani. Ibuprofeni na diklofenaki humtoboa tumbo na kuharibu figo. Uliza kwa upole; ukimfokea mtu, atakuficha.

Nyumbani, wenye sakafu ya vigae watandike mkeka usioteleza, na kucha zikatwe.

Kuanzia miaka 8, mpime uzito kila anapokuja, hata kama amekuja kwa chanjo tu, na uandike kwenye kadi yake. Nusu kilo kwa mbwa wa kilo 4 ni zaidi ya sehemu ya kumi ya mwili wake, na chini ya manyoya yale jicho halitaona kitu.