Jibu kwa aliyeuliza kuhusu kuuza spirulina Ujerumani

Mwenzetu wa Kisumu ameuliza kama unga wake wa spirulina, kiumbe kidogo sana cha kijani kinachokuzwa majini na kukaushwa kuwa chakula, ambao tayari una alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, anaweza kuupeleka Ujerumani akiutangaza kuwa unatibu kisukari na upungufu wa damu. Ndugu yangu, mimi hukuza spirulina hapa Bahati, Nakuru, katika vidimbwi vya maji ya magadi vilivyoezekwa plastiki, na soko hilo limenifunza kwa hasara.

Umoja wa Ulaya hudai kibali maalumu kwa chakula ambacho hakikuliwa kwa kiasi kikubwa huko kabla ya tarehe 15 Mei 1997. Spirulina ilikuwa ikiliwa, kwa hiyo hapo utapita. Neno "inatibu", hata hivyo, lifute leo, kwa sababu sheria zao haziruhusu chakula kutangazwa kuwa kinaponya maradhi. Unaweza kuandika kwamba ina protini nyingi, iwapo angalau asilimia 20 ya nishati yake inatokana na protini, na spirulina, ambayo zaidi ya nusu ya uzito wake mkavu ni protini, hulivuka sharti hilo bila taabu.

Kilichonikwamisha mimi hakikuwa maneno bali moshi. Mvua za masika zilitukuta na mavuno mabichi, kikaushio cha jua kikashindwa, nasi tukamalizia kukausha juu ya jiko la makaa chumbani. Unga ulitoka na kijani chake kizito, na sikuona kasoro yoyote. Maabara ya mnunuzi iliona: benzopireni, kemikali itokanayo na moshi, ilizidi mikrogramu 10 kwa kilo, ambacho ndicho kikomo chao kwa virutubisho vyenye spirulina. Kilo 40 zikakataliwa. KEBS hawakuwa na kosa lolote. Alama yao haichukui nafasi ya vipimo vya soko la mwenzio.

Kosa la pili lilikuwa la majivuno. Nilichapisha kwenye pakiti picha ya heroe (flamingo) wa Ziwa Nakuru, kwa kuwa ndege hao hula jamii hiyohiyo ya viumbe, na nikajiona mjuzi wa biashara. Mnunuzi akauliza kwa upole kama tunavuna ziwani, penye vinyesi vya ndege.

Wewe utaulizwa zaidi yangu, maana ukitaja Kisumu mtu atafikiria ule ukijani wa Ghuba ya Winam ya Ziwa Viktoria, ambako bakteria aina ya Microcystis hutoa sumu ya mikrosistini. Pima sumu hiyo, pamoja na risasi na zebaki, kwa kila kundi la mavuno, na ueleze wazi maji yako yanatoka wapi. Mimi niliondoa heroe, nikaweka picha ya vidimbwi na namba ya kundi, nikatuma cheti cha maabara kabla ya kutaja bei. Mnunuzi yuleyule aliagiza kilo 5 za majaribio.