Unafanya kazi deikea? Kagua vitanda vya wachanga kwa mikono

Tuko Waswahili wengi kwenye deikea, yaani vituo vya kulea watoto, hapa Minnesota, Marekani, na fomu ya ukaguzi wa vitanda huwa inaangukia mikononi mwetu sisi wa chumba cha wachanga. Wengi wanaijaza wakiwa wamesimama mlangoni, tiki, tiki, tiki, sahihi chini, kwa kuwa kwa macho kila kitanda ni kizima. Nawaelewa. Mtu mmoja ana wachanga wanne, huyu analia, yule anataka chupa, futi kamba utaishika saa ngapi? Ndiyo maana mimi kazi hiyo naifanya jioni watoto wakishachukuliwa. Sheria ya jimbo inataka kila kitanda kikaguliwe angalau mara moja kwa mwezi na iandikwe, ila haikulazimishi kufanya hivyo katikati ya vilio.

Anza kwa kutikisa. Shika reli ya juu kwa mikono miwili, ivute na kuisukuma. Kitanda kilichokazwa vizuri hakitoi mlio. Kikilia, piga magoti utafute bolti iliyolegea, na usishangae ukiikuta chini, upande wa ukutani, mahali pasipoinamiwa na mtu. Bolti ikipotea, usikubali fundi wa kituo akuwekee skrubu ya mbao. Mahali pa kufungua na kufunga, skrubu ya mbao hairuhusiwi, maana kila ikifunguliwa inapanua tundu lake na mwishowe haishiki kitu. Agizeni bolti yenyewe kwa mtengenezaji, na kitanda kikae nje ya chumba mpaka ifike. Meneja atanung'unika. Mwache anung'unike.

Halafu godoro, na hapa ndipo vituo vingi vinapokwama. Godoro la awali limechakaa, bosi kanunua jingine la bei nafuu, nalo linaonekana limeenea vizuri. Lisukume lote upande mmoja, kisha pima pengo lililobaki upande wa pili: lisizidi inchi 1. Likiwa katikati, pengo la kila upande lisizidi nusu inchi. Uso wa mtoto ukiingia pale kati ya godoro na ubao, hana nguvu ya kujitoa. Fito nazo zisiachane zaidi ya inchi 2 na 3/8, kama sentimita 6 hivi, maana panapozidi hapo mwili wa mchanga unaweza kupenya miguu kwanza, kichwa kikabaki kimenasa. Pitisha pia kiganja juu ya nguzo za kona. Zisichomoze zaidi ya 1/16 ya inchi, nguo ya mtoto isije ikanasa hapo ikamkaba shingo.

Kwa wanaofungua kituo chao wenyewe: kitanda cha mtumba achana nacho, hata kama mwenye nacho ni mtu wa kanisani kwenu na anakupa bure. Viwango vya shirikisho vilibadilika tarehe 28 Juni 2011, na deikea zilipewa hadi 28 Desemba 2012 kuondoa vitanda visivyokidhi. Vile vya ubavu unaoshuka vikapigwa marufuku kabisa. Tume ya usalama wa bidhaa, CPSC, ilivihusisha na vifo visivyopungua 32 vya watoto tangu mwaka 2000. Tafuta lebo yenye tarehe ya kutengenezwa, na ukiipata ipige picha kabla haijabanduka.

Chuma na mbao lakini ni rahisi. Kazi ngumu ni wazazi, na hasa mabibi. Kitanda cha mchanga kinatakiwa kiwe na godoro gumu na shuka lililobana, basi. Blanketi, mto, mwanasesere, mito ya pembeni, vyote nje. Kwetu kitanda kitupu namna hiyo ni kama mtoto hana mwenyewe. Bibi mmoja Mkongo alisimama dirishani mwezi wa kwanza, theluji imejaa nje, akaniambia, "Mutoto atalala vile, bila kufunika, na hii baridi yote?" Ukimjibu kwa kumsomea sheria umempoteza. Nilimwambia, "Shikamoo mama, karibu ndani umshike kifua." Akamgusa, akakuta joto. Nikamwonyesha lile vazi la zipu lililoshonwa kama mfuko, halina cha kumfunika uso. Kesho yake alileta moja la kwao, jekundu.

Wale wanaotaka mtoto alazwe kifudifudi "kwa sababu analala vizuri zaidi", waambieni mapema, siku ya kuandikisha: hapa mchanga analazwa chali. Tangu Marekani ilipoanza kampeni ya kulaza chali mwaka 1994, vifo vya ghafla vya wachanga usingizini vilipungua kwa takribani nusu. Na mtoto akifika amelala kwenye kiti cha gari, mhamishie kitandani mapema iwezekanavyo, hata kama mama yake anakukonyeza usimwamshe.

Bado kuna la mwaka: chukua jina la kampuni na namba ya modeli ya kila kitanda, ulinganishe na orodha ya vitanda hatari kwenye tovuti ya CPSC. Chapisha ukurasa, andika tarehe, uweke kwenye faili lilelile la fomu za kila mwezi. Mkaguzi wa leseni akija, mpe faili lote kwa pamoja.