Maswali na Majibu: Farasi Aumwa Mguu Gani?

SWALI: Assalaam alaykum. Nina farasi wa kupandisha wageni ufuoni. Tangu wiki jana achechemea kidogo mbele. Mimi nasema mguu wa kushoto, kijana anayemtunza asema wa kulia. Twajuaje?
Msomaji, Bamburi

JIBU: Waalaykum salaam. Mpumzisheni kwanza, kisha mtazameni kichwa. Farasi mwenye maumivu mbele huinua kichwa mguu mbovu unapokanyaga, ili aupunguzie uzito, na hukishusha ukikanyaga mzima. Wengi hudhani kinyume, na pengine ndipo mnapogawanyika.

Aende matiti, yaani mbio ndogo za farasi. Hapo miguu hukanyaga miwili miwili kwa mshazari, mbele kushoto na nyuma kulia, kwa hiyo pande zote zatakiwa kulingana. Akitembea, kasoro ndogo hujificha. Akipiga shoti, yaani mbio kali, hata mzima halingani kushoto na kulia.

Tafuteni lami au zege tambarare, kama mita 30. Anayemkimbiza aiache kamba ilegee; akiikaza, kichwa hakitainuka na mtapoteza dalili yenyewe. Mrudisheni mara tatu au nne, mkimrekodi kwa simu, video ya polepole, fremu 120 au 240 kwa sekunde, kutoka mbele, nyuma na ubavuni. Jicho halitoshi kwa miguu inayokwenda mbio: wachoraji walizoea kumchora farasi wa shoti akiwa hewani amenyoosha miguu mbele na nyuma, mpaka picha za mpiga picha Muybridge za mwaka 1878, huko California, zilipoonyesha kwamba huwa hewani miguu ikiwa imekunjwa chini ya tumbo.

Msisahau nyuma. Bandikeni plasta nyeupe kwenye ncha za nyonga. Upande mgonjwa hupanda na kushuka zaidi ya mwenzake. Tena mguu wa nyuma kushoto ukiuma, kichwa chaweza kucheza kana kwamba ni wa mbele kushoto. Kwa hiyo msikate shauri kabla ya kuangalia mbele na nyuma.

Kisha inueni kwato, msafishe, mtafute jiwe, msumari au kipande cha tumbawe. Linganisheni joto la kwato zote. Kasoro ikizidi kwenye lami, mara nyingi tatizo li kwatoni au kwenye kiungo. Ikizidi kwenye mchanga mwingi, shukuni kano. Dawa ya maumivu msimpe kabla daktari wa mifugo hajamwona, kwani itaficha kila kitu. Video mwonyesheni.

SWALI: Mchanga upi unafaa kwa kazi?
Msomaji, Nyali

JIBU: Ule mbichi ulioachwa na maji yakipwa, mgumu kiasi cha kwato kuacha alama bila kuzama. Mchanga mkavu wa juu huchosha kano upesi, basi pita humo kwa kutembea tu. Ufuo pia una mteremko: ukienda upande mmoja kwa matiti, rudi kwa matiti vilevile, miguu ya upande mmoja isibebe mteremko siku nzima.