Swali la Lugha: Kocha anaposhinda nyumbani

SWALI: Shikamoo mwalimu. Naishi California na huwa naandika taarifa fupi za michezo kwa Waswahili wenzangu wa huku. Oktoba 2024, Dodgers wa Los Angeles walipoifunga Yankees ya New York mechi ya kwanza ya fainali ya besiboli, niliandika kichwa hiki: "Meneja wa Dodgers aakisi kushinda nyumbani katika mchujo." Nilimtumia baba, yuko Morogoro. Akanipigia kuuliza huyo meneja anaumwa nini hata ashinde nyumbani. Nimekosea wapi?

JIBU: Marahaba. Baba yako amesoma kilichoandikwa, wala hakutania.

Ukisema "leo nimeshinda nyumbani", kila Mswahili anaelewa kwamba hukutoka. Jioni tunaulizana "umeshindaje?" na hakuna anayejibu kwa kutaja matokeo ya mechi. Mgonjwa ameshinda vizuri, mtoto ameshinda na njaa, fulani ameshinda kijiweni. Usiku una kulala na kukesha, mchana una kushinda. Kitenzi hiki kikifuatwa na mahali au hali, na pasiwe na aliyeshindwa wala kinachogombewa, sikio huenda kwanza kwenye kupitisha mchana. Ukataja na meneja, mtu ambaye siku ya kazi tunamtarajia ofisini, basi msomaji hana budi kuuliza kulikoni.

Ushindi wa mashindano hutaka kitu cha kuushika: ameshinda kesi, ameshinda mechi, wameishinda Yankees. Kiambishi kile cha "i" katika "wameishinda" ndicho kinachofanya kazi yote. Kikiwepo, hata neno nyumbani ukiliacha palepale hakuna atakayeteleza: "Dodgers waishinda Yankees nyumbani." Nomino nazo zina usalama wake, kwa kuwa ushindi na mshindi hazina habari ya kukaa siku nzima mahali. Kwa hiyo "ushindi wa nyumbani" ungekuokoa, ingawa kwangu mimi unanuka ofisi kidogo. Ila angalia usije ukageuza mambo kwa kumweka kocha mahali pa mtendwa. "Fainali imemshinda kocha" maana yake ni kwamba hakuiweza, kama tusemavyo kazi imemshinda au mtoto amemshinda mama yake.

"Aakisi" ni kosa kubwa zaidi, na hili naliona kila siku katika habari zilizotafsiriwa. Kioo huakisi sura, maji yaliyotulia huakisi mwezi. Tunakubali hata fasihi kuakisi jamii. Mtu anayewaza jambo lililompata hatumwiti kioo: yeye hutafakari. Lakini hata "atafakari" nisingeliweka katika kichwa chako, kwa sababu ya wakati. Kocha aliyetoka uwanjani sasa hivi, vinasa sauti vikiwa vimemzunguka, huzungumzia mechi. Dave Roberts, kocha wa Dodgers, alisema usiku ule kwamba huenda hilo ndilo tukio kubwa kabisa la besiboli alilowahi kulishuhudia. Hayo ni mazungumzo ya mtu ambaye moyo bado unamwenda mbio. Kutafakari kunahitaji utulivu, na hakukuwa na utulivu wowote pale.

Nimemwita kocha kwa makusudi. Kwetu meneja wa timu ni yule anayehangaika na tiketi, hoteli, leseni za wachezaji na jezi. Anayepanga kikosi ni kocha, na ndiyo maana watangazaji wetu walimwita Alex Ferguson kocha miaka yote ile, Waingereza wamwite watakavyo. Katika besiboli huyo anayeitwa meneja na Wamarekani ndiye hasa anayepanga nani apige wa kwanza na nani arushe. Anavaa jezi kama wachezaji, na akitaka kumbadilisha mrushaji hutembea mwenyewe hadi katikati ya uwanja kumpokonya mpira. Ofisini kuna bosi mwingine, meneja mkuu, wa kusajili na kuuza wachezaji. Ukimwita Roberts meneja, siku ukiandika habari za usajili utakosa jina la huyo wa pili. Andika "kocha mkuu", na wasaidizi wake wawe kocha wa wapigaji, kocha wa warushaji, na kadhalika.

Sasa neno nyumbani lenyewe. Wasomaji wa soka wanalijua pamoja na mwenzake mzuri "ugenini", na mimi sina ugomvi nalo. Shida ni kwamba besiboli imelitumia mara mbili. Mkimbiaji anayezunguka besi zote, yaani vituo vya kukimbilia, na kurudi alikoanzia, Wamarekani husema amefika nyumbani, na pigo linalovusha mpira nje ya uwanja nimelikuta mahali limeandikwa "mbio za nyumbani". Mtu wa Morogoro ataona watu wanafukuzana sebuleni! Mwite huyo mkimbiaji amefika besi ya mwisho, na pigo useme tu kwamba mpira ulivuka ukuta. Ukifanya hivyo, nyumbani inabaki na maana moja, ya uwanja wa mwenyeji.

Na maana hiyo ina uzito ambao taarifa yako haikuueleza. Kwenye soka, kucheza nyumbani ni kelele za mashabiki na kuepuka uchovu wa safari. Kwenye besiboli ni kanuni: katika kila zamu mgeni hupiga kwanza, mwenyeji hupiga mwisho. Mwenyeji akipata mkimbio, yaani pointi, wa kuongoza katika nusu yake ya zamu ya 9, ambayo kwa kawaida ndiyo ya mwisho, au ya zamu za nyongeza, mchezo umekwisha papo hapo, na mgeni hana nafasi ya kujibu. Ndivyo ilivyokuwa Oktoba 25, pale Dodger Stadium. Yankees waliongoza 3 kwa 2 katika zamu ya 10. Dodgers wakaingia kupiga, watu wao wawili wakatolewa, na kwa makusudi Yankees wakampa Mookie Betts besi ya bure, yaani wakamwachia aende besi ya kwanza bila kupiga, ili wapambane na Freddie Freeman, aliyekuwa akicheza na kifundo cha mguu kilichoteguka. Hesabu yao ilikuwa na mantiki. Freeman hupiga kwa kushoto, na mrushaji Nestor Cortes ni wa mashoto, mpangilio ambao kwa kawaida humpendelea mrushaji. Freeman akaupiga mpira wa kwanza kabisa aliorushiwa, ukavuka ukuta wa kulia, besi zote tatu zikiwa na watu. Mikimbio minne kwa pigo moja, 6 kwa 3. Hapajawahi kuwa na mechi ya fainali hizo iliyomalizwa namna hiyo kabla ya usiku ule. Kushinda kwa namna hiyo hakuwezekani ugenini, kwa hiyo katika habari hii nyumbani ndiyo kiini.

Nimesema mikimbio, neno ambalo wanahabari wa kriketi wamekwisha kulizoesha, kwa sababu mabao hayana nafasi hapa. "Walipoifunga Yankees" katika barua yako sitaligusa. Kumfunga mtu tunasema hata kwenye karata, pasipo na goli. Ila usiandike "wamefunga mikimbio sita". Wameipata. Na uamue mapema kama Dodgers "wameshinda" au "imeshinda": mashabiki wa Simba na Yanga hutumia zote mbili, na zote ni sahihi, mradi usizichanganye ndani ya aya moja.

Basi kichwa kiwe: "Kocha wa Dodgers azungumzia walivyoishinda Yankees nyumbani." Mchujo nimeutoa. Ukisema mchujo Tanzania, wengine watafikiria kura za maoni za vyama, na wapenzi wa soka watafikiria timu zinazopigania kubaki au kupanda Ligi Kuu. Hatua zinazofuata msimu wa kawaida Marekani ziite mtoano. Najua utaniuliza mbona kule timu haitoki kwa kupoteza mechi moja. Mtoano wa Ligi ya Mabingwa Ulaya nao una mechi mbili za nyumbani na ugenini, na neno halijalalamika. Hii yako hata hivyo ilikuwa fainali, mfululizo ambao bingwa ni anayetangulia kufikisha ushindi wa mechi nne, kwa hiyo "mechi ya kwanza ya fainali", kama ulivyoandika katika barua, inatosha. Usishawishike na jina lake la Kimarekani, World Series, ukaiita Kombe la Dunia. Hiyo ni ligi ya vilabu vya Marekani pamoja na kimoja cha Toronto, Kanada, na timu za mataifa zina mashindano yao mengine.