Fundi wa sebuleni ajibu: diski inayosaga, flashi ya uongo na saa mbili ya roboti

Kwa wageni: sikusomea kompyuta. Mchana nipo ghalani nahesabu magunia, usiku nafungua mashine za watu na za kwangu, na meza yetu ya kulia chakula imeshageuka makaburi ya kibodi. Mama watoto amekubali yaishe. Maswali yamerundikana tangu mfungo, leo nayapunguza.

Shikamoo anko. Nipo chuo Morogoro. Nilinunua laptopu ya mtumba Kariakoo, ina prosesa ya i5 na RAM ya GB 4. Nikiiwasha nasubiri dakika saba ndipo niweze kufanya kitu. Fundi anasema ni virusi, anataka elfu arobaini apige Windows upya. Nimpe?

Marahaba mwanangu. Usimpe kwanza. Kwa mafundi wetu virusi ni kama malaria ya zamani, kila homa lazima iwe hiyo. Washa mashine, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, kisha tazama safu ya diski. Ikiwa imeganda kwenye asilimia 100 huku prosesa, yaani ubongo wa mashine, ikicheza kwenye 10 au 15, mgonjwa umempata: una diski ya zamani, ile ya sahani inayozunguka.

Nikueleze kwa lugha ya ghalani. Ndani ya diski hiyo kuna sahani inayozunguka, mara nyingi mizunguko 5,400 kwa dakika, na mkono mwembamba unaoruka huku na huko kusoma. Ni sawa na mtunza stoo mmoja anayekimbia ghala zima kuleta gunia mojamoja. Hata akijitahidi vipi, safari zake hazizidi sana mia moja kwa sekunde, na Windows ikiwaka inaagiza vitu vidogovidogo maelfu kwa maelfu. SSD, diski ya kisasa ya chipu tupu, haina kinachozunguka wala kinachokimbia, inajibu maagizo makumi ya maelfu kwa sekunde. Prosesa yako haina kosa lolote, imekaa tu inasubiri mzigo.

Kwa hiyo ukipata hela, nunua SSD ya GB 240 au 256 kwanza, RAM baadaye. Hizo GB 4 za RAM, ambayo ni meza ya kazi ya mashine, nazo zinachangia, maana zikijaa Windows inahamishia mizigo diskini, yaani kwa yuleyule mkimbiaji aliyekwisha kuchoka. Ila fungua kifuniko cha chini kabla hujaenda dukani. Laptopu nyingine nyembamba RAM yake imechomelewa kwenye bodi, huongezi kitu. Nyingine zinataka SSD ya inchi 2.5, nyingine ile ndogo kama ubani wa Big G iitwayo M.2, na M.2 nazo haziko za aina moja. Mimi niliwahi kununua ya aina ya NVMe kumbe tundu langu linapokea aina ya SATA tu. Muuzaji alicheka, hela hakurudisha. Piga picha ya tundu, nenda nayo. Na notisi zako zinakili mahali pengine kabla mtu yeyote hajagusa bisibisi.

Flashi yangu imeandikwa GB 64 ila kompyuta inaonyesha 59. Nimeibiwa?

Hapana. Kiwandani GB moja ni baiti bilioni moja kamili. Windows inagawanya kwa 1,073,741,824 halafu bado inaita jibu hilo GB. Bilioni 64 ukigawanya hivyo unapata 59.6.

Mwizi halisi ni ile flashi ya "TB 2" inayouzwa kwa bei ya chipsi mayai. Chipu yake ya kuongoza imefundishwa kudanganya: ina GB chache tu, zikijaa inaanza kuandika juu ya vya zamani, au inatupa kila unacholeta, na haikwambii. Unagundua siku unapotafuta picha za harusi. Ipime siku ileile uliyoinunua kwa H2testw kama una Windows, au F3 kama una Linux, ule mfumo wa bure unaokaa mahali pa Windows. Programu hizo zinaijaza flashi mpaka ukingoni kisha zinasoma kila kitu upya kuona kama kipo. Inachosha, lakini unaweza kuiacha ikaendelea huku umelala.

Ndugu, nina steshenari Kahama, kompyuta mbili za Windows 10. Zimeanza kuniambia muda wake umekwisha. Nizitupe?

Hazijafa. Microsoft ilisitisha masasisho ya bure ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na kuna usajili wa nyongeza unaokusogeza hadi Oktoba 2026. Tatizo ni kwamba kila tundu la usalama litakalogunduliwa baada ya hapo litabaki wazi, na wewe kutwa unapokea flashi za watu. Windows 11 rasmi inataka TPM 2.0, chipu ya usalama, na prosesa za Intel kuanzia takriban kizazi cha nane, yaani za 2017 kuja juu. Za kwako ukizikuta ni kizazi cha nne, hapo ndipo mlango ulipofungwa.

Mimi ningeweka Linux Mint, aina mojawapo ya Linux, kwenye moja. Unaweza kuijaribu kutoka kwenye flashi bila kugusa diski, na kitu cha kwanza kupima ni printa yako, maana ndiyo inayokulisha. LibreOffice, programu ya ofisi ya bure, itafungua barua za Word, ila mistari huhama kidogo, na mteja wa CV hapendi mistari ihame. Ndiyo maana nimesema moja.

Mint imejengwa juu ya Ubuntu, Linux nyingine, iliyoanzishwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini mwaka 2004. Mswahili hahitaji kamusi kwa jina hilo: ondoa mapambo, unabaki na "utu". Na mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa mradi wa Kilinux, kilitoa OpenOffice, programu ya ofisi ya bure, kwa Kiswahili wakaiita Jambo OpenOffice. Miaka ishirini na zaidi imepita, na bado tunafungua "File" na kubonyeza "Save" kana kwamba ile kazi haikufanyika.

Mama yangu Njombe ana kitochi, hajawahi kununua bando, lakini ananitumia hela kila mwezi. Inapitaje bila intaneti?

Swali zuri kuliko yote ya leo, na wa kwanza kuniuliza ni wewe. Akibonyeza *150*00# anatumia USSD. Simu na mnara huwa na njia yao ya pembeni ya kuulizana: upo? laini yako ni ipi? kuna mtu anakupigia. USSD inapita kwenye njia hiyo ya salamu, si kwenye njia ya data. Ilibuniwa pamoja na mitandao ya GSM miaka ya 1990, ikitumika kuangalia salio na vitu vidogo vya namna hiyo.

Ujumbe mmoja hubeba herufi 182 tu, ndiyo sababu menyu ni fupi kama telegramu. Wala hauhifadhiwi popote kama SMS. Ni mazungumzo ya ana kwa ana, mama akienda kutafuta miwani mtandao unakata simu. M-Pesa ilipoanza Kenya Machi 2007, menyu yenyewe iliwekwa ndani ya kadi ya simu na maagizo yakasafiri kwa SMS. Watu wakisema teknolojia mpya, mimi hukumbuka kitochi cha mama zako na zangu: jambo lililobadilisha namna tunavyolipana lilikuja juu ya mabomba yaliyokuwa yamekwisha kutandazwa zamani.

Salaam aleikum. Mwanangu hapa Mombasa anafanyia kazi za shule kwa akili mnemba. Hivi inajua Kiswahili kweli?

Waaleikum salaam. Ifanyie mtihani huu: iambie itafsiri kwa Kiingereza "tukutane saa mbili asubuhi". Programu moja niliyoipa iliniandikia saa nane usiku wa manane, kwa Kiingereza kilichonyooka kabisa. Nyingine zinapatia. Lakini ona asili ya kosa: mashine hizi zimejifunza kwa kusoma maandishi mengi mno, na mengi yake ni ya Kiingereza. Saa yetu inayoanza na jua haikuwa na wasemaji wa kutosha chumbani.

Kuna jingine lisiloonekana. Hazisomi neno zima, zinakata vipande, na ukataji unafuata kinachojirudia sana, si sarufi. Neno la kawaida la Kiingereza mara nyingi ni kipande kimoja. "Hawajatuandikia" inakatwakatwa kama samaki wa kukaanga, tena si kwenye viungo. Sentensi ileile kwa Kiswahili inakula vipande vingi zaidi, na kwenye huduma za kulipia, vipande ndiyo bei. Niliiomba methali kuhusu kuchelewa, ikanipa moja ambayo hakuna bibi aliyewahi kuitamka, kwa sauti ya uhakika kama imamu.

Hata hivyo naipenda. Tangu 2023 kuna programu ya bure, llama.cpp, inayoendesha modeli ndogo, yaani akili mnemba ya kupakua, nyumbani bila bando. Modeli ya vigezo bilioni 3 (namba zinazobeba ilichojifunza), kila kigezo kikibanwa kwenye biti nne, inatoshea karibu GB 1.5, na laptopu ya GB 8 inaibeba. Inaandika kama karani wa kidole kimoja, na ngeli zake ni vichekesho: "kompyuta yangu kimeharibika". Kwa mwanao ningegeuza kazi: roboti iandike insha, yeye ashike kalamu nyekundu na kuisahihisha.

Ni kweli kompyuta zitagoma mwaka 2038?

Baadhi. Mifumo mingi huhesabu sekunde tangu 1 Januari 1970. Hesabu ikihifadhiwa kwa biti 32, kikomo ni 2,147,483,647, na kwa saa zetu kitafikiwa 19 Januari 2038, saa kumi na mbili na dakika kumi na nne asubuhi (nyie wa roboti, isomeni vizuri). Sekunde inayofuata kalenda inarudi Desemba 1901. Simu na laptopu za leo zinatumia biti 64, hazitashtuka. Mimi naogopa vidude vilivyosahauliwa ukutani: geti la umeme, ruta, kamera ya duka.

Simu imetumbukia kwenye ndoo. Nimeiweka ndani ya mchele, nisubiri siku ngapi?

Itoe. Mchele hauvuti maji yaliyo ndani ya simu, unaingiza vumbi na wanga kwenye tundu la chaji. Izime, usiichaji, toa laini, isimamishe tundu likitazama chini mbele ya feni, siku moja au mbili. Kama yalikuwa maji ya bahari usisubiri chochote, mpelekee fundi leo aoshe bodi kwa spiriti, maana chumvi inakula shaba. Mchele upike.